Ovaroli ya Fundi Haikatwi

3 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza uanagenzi. Sijui nani kati yetu atachoka kwanza.

Mkaguzi wa karakana ametuagiza tuandike kila jioni tulichojifunza. Kitabu cha kwake nimekiandika kwa adabu: leo tumefundishwa majina ya vifaa. Hiki ni changu mwenyewe, na adabu nimeiacha kule.

Kiwanda chetu kinatengeneza pampu za maji. Tangu nifiwe na mume wangu nimekuwa chumba cha kufungasha, natia pampu kwenye maboksi. Mvua zikiisha chumba hicho kinafungwa. Mashine ya kufungasha imeshaagizwa, na yenyewe haiugui wala haiuguzi mtoto. Ila karakana imepungukiwa na wakerezaji, mafundi wa kuchonga chuma kwa mashine, kwa hiyo wametoa nafasi mbili za uanagenzi kwa wafanyakazi wa ndani. Atakayefaulu mtihani mwisho wa msimu anapewa mashine yake. Atakayeshindwa anapewa mkono wa kwaheri. Nafasi moja nimepata mimi, nyingine kijana wa stoo ambaye kwa urefu wake kila mtu anamwita Ngongoti.

Anayetufundisha ni baba mkwe wangu. Naye anastaafu msimu huu huu, kwa hiyo nikishindwa, nyumba nzima tunabaki kutazamana: yeye, Mama mkewe, mimi na mwanangu.

Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Baba." Akaitikia bila kuinua macho, kisha akasema, "Humu ndani niite Fundi. Baba nimemwacha nyumbani."

Ngongoti alicheka. Mimi sikucheka. Huyo Baba aliyeachwa nyumbani naye, miaka sasa sijamsikia akisema zaidi ya "nipe maji".

Mashine ya dirishani imefunikwa turubai. Ndiyo iliyomuua mume wangu. Hakuna aliyeniambia nisiitazame, ila wote walikuwa wakinitazama mimi waone kama nitaitazama.

4 Machi

Tupa. Kutwa nzima kusugua kipande cha chuma kilichobanwa kwenye jiliwa, mpaka pande zake zinyooke. Jioni nilishindwa kushika kijiko, Mama akanikatia chakula kama mtoto.

5 Machi

Tupa.

7 Machi

Tupa. Fundi alikiinua kipande changu kwenye mwangaza, akakiwekea ile pembe yake ya kupimia. Mwanga ukapenya chini ya pembe, mwembamba kama uzi.

"Unaona jua?"

"Naona, Fundi."

"Likizama kabisa, niite."

12 Machi

Jua limezama! Nilimwita, akatazama, akasema "Haya", akanipa kipande kingine. Ngongoti akaninong'oneza, "Dada, mzee wako sifa anazitoa kwa matone, kama dawa ya macho."

18 Machi

Leo tumepanda kwenye mashine. Unabana fimbo ya chuma, unaizungusha, unaisogezea kisu, na chuma kinatoka kama ganda la chungwa. Nilitamani kucheka kwa furaha, nikameza. Mume wangu alikuwa akinieleza haya mezani, mimi nikimwambia ale, chakula kinapoa. Sasa ndiyo naelewa alichokuwa akikisema, na hayupo wa kumwambia kwamba nimeelewa.

Nilipomaliza kipande changu cha kwanza nilikimbilia maikromita, kile kifaa cha kupimia unene. Fundi akanishika mkono.

"Gusa kwanza."

Nikagusa. Kilikuwa na joto, kama kikombe cha chai iliyosahauliwa.

"Chuma cha moto ni muongo," alisema. "Kikipata joto kinavimba. Ukikipima hapo kitakuambia unachotaka kusikia. Kiache kipoe, ndipo kiseme kweli. Nimewaona mafundi wazima wakifukuzwa kwa sababu ya kuharakisha jambo hili dogo."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kuniambia tangu niolewe. Nimeyaandika yote.

23 Machi, Jumapili

Mvua kutwa. Paa linavuja juu ya sufuria kubwa, angalau maji hatuchoti.

Mama mkwe wangu alikuwa mshonaji, nguo za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Tangu tumzike mwanawe hajagusa cherehani. Iko pale pembeni mwa sebule imefunikwa kitambaa, na mwanangu anaiita "meza ya Bibi". Mwanangu huyu anakaribia miaka minne na mdomo haufungi, ndiyo maana tunamwita Chiriku. Leo amenihoji mbele ya watu wote.

"Mama, Babu anakufundisha?"

"Ananifundisha."

"Anakuchapa?"

"Hachapi."

"Basi anafanya nini?"

"Ananyamaza."

Mama alicheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba huwa hacheki. Baba alinyanyuka, akaenda kusimama barazani kutazama mvua.

1 Aprili

Ngongoti haongei kingine ila ovaroli. Ni desturi ya karakana: mwanagenzi akifaulu, fundi wake anavua ovaroli yake mwenyewe na kumvisha mbele ya wote. Haikatwi, haipunguzwi. Ikikupwaya, wewe ndiye unayetakiwa kuikulia. "Mimi itanikaa vizuri," anasema, "mzee ana mikono mirefu kama yangu. Wewe, dada, utapotelea humo tutakutafuta kwa tochi."

Nikamwambia azibe mdomo, akagundua alichosema, akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma.

Mume wangu naye alivishwa ya babake. Mimi sikuwepo; nilikuwa kwa mama yangu nimekwenda kujifungua Chiriku. Waliniandikia kwamba amefaulu, wiki hiyo hiyo wakanifuata kuniambia kwamba amefariki. Alikuwa anang'arisha shafti, ile fimbo ya chuma ya pampu, kwa msasa, mkono wa ovaroli ukashikwa na mashine ukamvuta. Hiyo ndiyo habari niliyopewa, nami sikuuliza zaidi. Aliyefiwa haulizi, anaitikia pole.

4 Aprili

"Rudia."

5 Aprili

"Rudia."

9 Aprili

Rudia, rudia, rudia. Ngongoti akikosea kwa unywele anapewa pole na mawaidha. Mimi kipande changu kinatupwa kwenye pipa la vyuma chakavu, nasikia kikigonga vingine.

11 Aprili

Nimefanya jambo. Fundi alipokwenda kula, niliingiza mkono kwenye pipa nikakitoa kipande changu cha asubuhi. Kilikuwa baridi kabisa. Nikakipima mara mbili. Kilikuwa sawa! Kimetupwa na kilikuwa sawa.

Nimekaa na neno hili jioni nzima. Mezani nilimtazama akimpulizia Chiriku uji, taratibu, anaonja yeye kwanza kwa ncha ya ulimi. Mtu huyu huyu. Basi asiyemtaka ni mimi tu. Hataki nikae kwenye nafasi ya mwanawe.

16 Aprili

Leo alimfundisha Ngongoti kushika msasa kwenye shafti inayozunguka. Mimi nilitumwa kufagia.

"Fundi, na mimi nijifunze."

"Fagia."

Nilifagia. Nilifagia mpaka sakafu ikaomba msamaha. Nyumbani nilimwekea chakula bila kumtazama, na kama aliona, hakuonyesha.

17 Aprili

Nimejifunza msasa kwa Ngongoti, wakati wa chakula. Ni kijana mwema, Mungu amzidishie kila kitu isipokuwa urefu. Kwanza alinikunjia mikono ya shati juu ya viwiko, akaifunga kwa kamba. "Hapa sitaki utani, dada," alisema, na kweli hakutania.

21 Aprili

Mvua. Tope mpaka magotini. Mtihani ni wiki ijayo.

29 Aprili, Jumanne

Sitaki kuandika, lakini nisipoandika sitalala.

Mtihani ulikuwa shafti moja na bushi yake, yaani ile pete ya chuma inayovishwa shafti. Shafti iingie kwa kusukumwa na dole gumba, isikwame, isilegee. Unatengeneza leo, unaiacha mezani kwa Mkaguzi, naye anaipima kesho asubuhi. Bushi niliimaliza mapema. Shafti ilinichukua mchana wote. Nikaing'arisha kwa msasa, mikono nimeikunja, na Fundi alipoona ninavyoushika alishtuka, akageuka upande.

Zikabaki dakika chache kengele ilie. Shafti ilikuwa na joto. Nikaiweka pembeni ipoe, bado nilikuwa na muda wa kuipitisha kisu mara ya mwisho kama ingehitaji. Fundi akaja akasimama nyuma yangu.

"Pima sasa."

"Bado ina joto, Fundi."

"Nimesema pima. Weka mezani."

Ningesema nini? Kazini ni fundi wangu, nyumbani ni baba mkwe wangu. Kote huko sina mdomo. Nilipima, ikasoma nene kidogo; nikaipitisha kisu, nikapima tena, ikasoma sawasawa. Nikaijaribu kwenye bushi, ikaingia vizuri kama ilivyotakiwa. Nikaiweka mezani, na moyoni nikajiambia, labda safari hii chuma kimesema kweli.

30 Aprili

Mkaguzi aliinua bushi yangu, akaingiza shafti. Haikuhitaji dole gumba. Ilipita moja kwa moja, ikaangukia meza. Sauti ile bado iko masikioni mwangu.

Ngongoti amefaulu. Hakushangilia. Fundi alikuwa amesimama pale, mikono nyuma.

Walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimesikia, na guu limevunjika.

1 Mei

Nimekaa hadi jioni nikingoja Mama amalize kumwogesha Chiriku, kisha nikamfuata Baba barazani. Mvua ilikuwa kubwa, ilibidi kuinua sauti, na nadhani nilishukuru kupata kisingizio.

"Baba, chuma kilikuwa cha moto."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nimekereza tangu mumeo hajazaliwa. Nisijue chuma cha moto?"

"Sasa kwa nini?" Sauti yangu ilipasuka. "Nimekukosea nini? Kama hutaki nikae pahali pa mwanao ungeniambia siku ya kwanza, nikaenda zangu kutafuta kibarua. Si kunisuguza chuma msimu mzima, halafu uniangushe mbele za watu!"

Alikuwa akitazama mikono yake.

"Mashine yangu wamempangia Ngongoti. Iliyobaki ni moja," alisema. "Ile ya dirishani. Ukifaulu, wanakufunulia ile. Nilitaka ushindwe ukiwa mzima."

"Na tutakula nini?"

"Huko sikufika. Nilifika kwenye mkono wako tu, nikakwama hapo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kamkumbatia Chiriku kwenye taulo. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia chumvi, "Mwambie na la ovaroli."

Baba akageuza uso kwenye mvua.

"Basi nitasema mimi. Alimleta mtoto wetu, mumeo, hapa amevaa ovaroli yake, mikono inamfika kwenye vidole. Uzi ulikuwa tayari kwenye sindano. Nikamwambia, baba yake, nipe nimpunguzie, ni kazi ya dakika mbili. Akasema ovaroli ya fundi haikatwi, ataikulia. Na mwenyewe mtoto alikuwa anacheka, anapunga mikono ile kama mabawa. Nikaacha. Na mimi nikaacha! Cherehani iko pale, uzi bado uko kwenye sindano."

Kumbe ndivyo. Miaka yote hii tunakula sinia moja, wao wawili wakilijua hili, mimi nikiwapa pole.

Nilimchukia. Naandika hivyo hivyo. Nilimchukia yeye, na Mama kidogo, kisha nikamfikiria mume wangu akipunga mabawa yale sebuleni, kwa furaha, na mimi sikuwepo kumwona. Nikalia mpaka Chiriku akaanza kulia kwa kunifuatisha. Baba hakuingia ndani. Aliendelea kukaa pale na mvua ikimrukia miguuni.

2 Mei

Nilidhani hataenda kazini. Alikwenda kabla yangu.

Nilipoingia karakana alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mkaguzi, na mashine zilikuwa bado hazijawashwa, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Kazi ya mwanagenzi wangu niliiharibu mimi. Alitaka kungoja chuma kipoe, nikamwamuru apime."

Mkaguzi si mtu mbaya. Alitafuta mlango wa kumtolea. "Ulisahau, Fundi. Umri nao. Tuandike kwamba ulisahau."

"Sikusahau."

"Fundi, ukisema hivyo mimi sina la kufanya."

"Sikusahau. Yeye mpeni mtihani mwingine. Mimi nifanyeni mnavyotaka, ukubwa ni jalala."

Walimwambia aende nyumbani siku hiyo hiyo. Ilikuwa waagane naye kwa hotuba na zawadi mwisho wa mwezi, sasa hakuna. Wote waliofundishwa na mikono ile walisimama kando ya mashine zao wakatazama chini. Alichukua chombo chake cha chakula, akapita katikati yetu, akatoka na ovaroli mwilini kwenye mvua. Nilitaka kumkimbilia. Bado nilikuwa na hasira naye, na miguu haikujua imsikilize nani.

4 Mei

Anakaa barazani. Chiriku anamsimulia habari za kuku wa jirani kutwa nzima, anaitikia "eeh". Mimi na yeye tunasalimiana.

8 Mei

Mtihani wa pili. Safari hii Mkaguzi mwenyewe alikuwa nyuma yangu. Shafti ilipokamilika niliiweka kwenye kitambaa, nikakaa kitini, mikono mapajani. Kengele ilikaribia. Mkaguzi akatazama saa yake, akanitazama, akakohoa. Sikunyanyuka. Nilikuwa nikiigusa kwa nyuma ya kidole, naiacha, naigusa tena. Ilipopoa kama sakafu ndipo nikapima. Ilikuwa bado nene kidogo. Nikaipitisha kisu mara moja, kwa wepesi, nikangoja tena.

9 Mei

Imeingia kwa dole gumba, polepole, ikisukuma hewa mbele yake. Mkaguzi alijaribu kuitikisa, haikutikisika. "Umefaulu," alisema.

Hakukuwa na wa kunivisha ovaroli; Ngongoti naye hakuvishwa, Fundi aliondoka kabla ya siku yake. Alinishika bega. "Ile ya mzee ingenikaa mimi, dada, tusidanganyane. Lakini hiyo ni yako. Mimi nitavaa ya stoo." Kisha akaenda kunawa uso, akakawia sana kwenye bomba.

Nyumbani nilisema tu, "Nimefaulu." Mama alinikumbatia. Baba alisema "Haya", akaingia chumbani, akafunga mlango. Jumatatu naanza mashine ya dirishani.

11 Mei, Jumapili

Mvua imepungua. Baba hajatoka chumbani ila kwa chakula. Mama amekitoa kitambaa juu ya cherehani, akaipaka mafuta, akangoja. Baba alimwomba sindano ya mkono tu.

12 Mei, Jumatatu

Asubuhi nilipokuwa natoka alinisimamisha mlangoni. Alikuwa na ovaroli yake mkononi, imefuliwa, imenyooshwa. Mikono yote miwili imekatwa juu ya kiwiko. Mshono ulikuwa umepinda huku na huku, hatua moja ndefu, nyingine fupi. Yule mtu anayeona unywele kwenye chuma alikuwa ameshona kama mtoto wa shule.

"Nilimwambia anipe mimi," alisema Mama kwa nyuma. "Amekataa. Kasema huu ni wake."

Chiriku akatokea mbio kutoka chumbani. Alikuwa ameokota kimoja cha vile vipande vilivyokatwa, amekivaa mkono mzima mpaka begani, kinaning'inia chini anakipunga. "Mama, tazama, na mimi fundi!" Baba aliinama akamvua haraka, akakikunja, akakitia mfukoni mwake.

Kisha akanivisha. Mabega yalinipwaya, lakini alikuwa ameubana mkono ukanikaa. Akapitisha kidole kuzunguka mkono wangu wa kulia, halafu wa kushoto, polepole, kutafuta kama kuna pahali pamelegea. Hapakuwa na pahali. Hakuondoa kidole. Akabaki anautazama ule mshono wake mbaya, na midomo ikaanza kumtetemeka.

"Ilikuwa kazi ndogo tu, mwanangu," alisema. "Kazi ndogo hivi."

Nilimshika mkono mpaka akatulia. Kisha nikaenda kazini. Mvua ilikuwa imekatika, na njia nzima nilisikia baridi mikononi.